Dawa, Sumu na Mimba: Nafasi ya Kiswahili katika Utafiti wa Kemikali na Afya ya Watoto Wachanga

Utangulizi

Katika eneo la Plateau, kando ya reli iendayo Eldoret, neno "dawa" hubebeshwa mizigo mingi. Mama mjamzito humeza dawa ya kuongeza damu aliyopewa kliniki. Mumewe hupiga dawa ya magugu katika shamba la mahindi. Ng'ombe wao huogeshwa kwa dawa ya kupe, mahindi yao hutiwa dawa ya fukusi kabla ya kuwekwa ghalani, na jioni chumba hupulizwa dawa ya mbu. Dawa hizi zote hupita katika boma moja, na pengine katika mikono ya mama yule yule. Moja kati yake imekusudiwa kumjenga mtoto aliye tumboni. Nyingine zimekusudiwa kuua.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi wanasayansi wanavyochunguza uhusiano kati ya kemikali za mazingira zinazomfikia mama wakati wa ujauzito na afya ya mtoto anayezaliwa. Aidha, yanadhamiria kuonyesha kwamba utafiti wa aina hii, hasa katika Afrika Mashariki, husimama au huanguka kwa maneno. Huenda baadhi ya wasomaji wa jarida hili wakauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana lipi la kusema kuhusu risasi, zebaki na viuatilifu? Jibu letu ni kwamba kabla ya damu kupimwa katika maabara kuna swali linaloulizwa kwa lugha, na kabla ya swali kuna ridhaa inayoombwa kwa lugha. Lugha ikikosea, maabara haiwezi kusahihisha.

Kondo la nyuma si ukuta

Kwa muda mrefu, matabibu wengi waliamini kwamba kondo la nyuma ni kama ukuta unaomkinga mtoto dhidi ya sumu zilizo katika mwili wa mamake. Imani hiyo ilitikiswa vibaya na dawa iitwayo thalidomide, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka wa 1957 kama dawa ya usingizi, na ambayo wajawazito katika nchi nyingi waliitumia kutuliza kichefuchefu. Kufikia mwaka wa 1961, ilipoanza kuondolewa madukani, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Mama alikuwa hakudhurika, mtoto alidhurika. Tangu hapo ilieleweka kwamba kipimo kisichomsumbua mtu mzima kinaweza kumharibu aliye tumboni.

Kemikali za mazingira huvuka kondo hilo kwa njia mbalimbali. Chukua risasi, yaani madini yatumiwayo katika betri za magari. Mwili huidhania kuwa kalisi, ukaihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Mwanamke anaposhika mimba, mwili wake huchota kalisi kutoka mifupani ili kuijenga mifupa ya mtoto, na risasi iliyolala humo huamka na kuingia katika damu pamoja nayo. Hivyo basi, mama anaweza kumfikishia mtoto risasi aliyoipata yeye mwenyewe akiwa msichana. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Suala la pili ni wakati. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa. Wakati huo wanawake wengi hata hawajajua kwamba wana mimba, sembuse kuanza kliniki. Dirisha la madhara fulani huwa limefunguka na kufungwa kabla ya kijitabu cha mama na mtoto kuandikwa jina. Kwa sababu hii, mtafiti anayemsubiri mama chumba cha kujifungulia ili amuulize yaliyotokea miezi minane iliyopita hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu huhifadhiwa katika maneno ambayo mama mwenyewe huyatumia.

Utafiti hufanywaje?

Njia inayoaminika zaidi ni kuwaandikisha wanawake wengi mapema katika ujauzito, kupima kemikali zilizowafikia, kisha kuwafuata wao na watoto wao kwa miezi au miaka. Mtafiti hupima uzito wa mtoto anapozaliwa (chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa uzito pungufu), huangalia kama amezaliwa kabla ya wiki 37, kisha hufuatilia ukuaji wake.

Kila kemikali ina mahali inapoacha nyayo zake. Risasi hupimwa katika damu. Zebaki hupimwa katika nywele, na kwa kuwa unywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, unywele mmoja mrefu ni kama kalenda: sehemu iliyo karibu na ngozi husimulia mwezi uliopita, na ncha husimulia miezi ya nyuma. Kinyesi cha kwanza cha mtoto mchanga, ambacho huanza kufanyika tumboni takriban mwezi wa tatu wa mimba, huhifadhi habari za miezi iliyobaki. Lakini viuatilifu vingi vya kisasa hutoka mwilini kwa mkojo katika siku chache tu. Mama aliyepulizia shamba Jumatatu anaweza kupimwa Jumatatu inayofuata na kuonekana kana kwamba hajawahi kuliona shamba. Hapo mtafiti hulazimika kurudi kwenye hojaji.

Mfano mashuhuri ni utafiti uitwao CHAMACOS, ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika bonde la kilimo la Salinas. Kati ya mwaka wa 1999 na 2000 waliandikishwa wajawazito 601, wengi wao wakiwa wa familia za vibarua wa mashambani waliotoka Meksiko. Jina lenyewe ni neno la Kihispania cha Meksiko lenye maana ya watoto wadogo. Watafiti waliingia mashambani kwa lugha ya waliokuwa wakifanya kazi humo. Mkojo wa akina mama ulipimwa mara mbili wakati wa ujauzito. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2011 yalionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikuwa na viwango vya juu zaidi vya mabaki ya viuatilifu vya kundi la oganofosfeti walipata, kwa wastani, alama 7 chini ya wenzao katika kipimo cha akili walipofikisha umri wa miaka 7.

Ikumbukwe kwamba utafiti haufanywi ili kuthibitisha tunachokiamini tayari. Moshi wa kuni, kwa mfano, una kemikali nyingi zenye madhara. Katika utafiti mkubwa uliowahusisha wajawazito wapatao 3,200 nchini Guatemala, India, Peru na Rwanda, nusu yao walipewa jiko la gesi na nusu wakaendelea na kuni au makaa. Moshi ulipungua sana kwa waliopewa gesi. Hata hivyo, matokeo ya mwaka wa 2022 hayakuonyesha tofauti ya maana katika uzito wa watoto waliozaliwa. Matokeo kama hayo hayatakasi moshi. Yanatufundisha kwamba swali moja, lililojibiwa vizuri, ni jibu la swali hilo tu.

Neno "dawa" katika hojaji

Turejee Plateau. Tuchukue mfano wa kubuni wa mahojiano kati ya mtafiti msaidizi na mama mwenye mimba ya miezi sita:

"Mama, tangu ushike mimba umewahi kugusa au kuvuta sumu yoyote?"

"La, daktari. Sumu nitaitoa wapi?"

"Vyema. Je, kuna dawa yoyote iliyotumiwa shambani au kwa mifugo?"

"Dawa zipo. Juzi tulipiga ile ya viwavi. Mimi nilikuwa nachota maji ya kuchanganyia tu, halafu nikafua ovaroli."

Mama huyu hakusema uongo katika jibu la kwanza. Katika Kiswahili cha kila siku, "sumu" ni kitu cha mtu mwenye nia mbaya: sumu ya panya, sumu ya nyoka, sumu aliyotiliwa fulani katika chakula. Kilichonunuliwa kwa fedha halali katika duka la agroveti, kikapendekezwa na muuzaji, kikaokoa mahindi, hicho ni dawa. Maneno haya mawili yametufikia kutoka Kiarabu, nayo yamegawana kazi kwa misingi ya nia ya mtumiaji. Maabara hugawanya kwa misingi ya kipimo na kemia. Mtafiti akiliuliza swali la kwanza peke yake, atamwandika mama huyu katika safu ya wasiofikiwa na kemikali. Akikosea hivyo kwa mama mmoja, hasara ni ndogo. Akikosea kwa mamia, makundi mawili anayoyalinganisha yatachanganyika, tofauti kati ya watoto itafifia, naye atahitimisha kwamba viuatilifu havina neno.

Uzito wa jambo hili umeongezeka tangu mwaka wa 2017, viwavijeshi vamizi kutoka bara la Amerika walipogunduliwa magharibi mwa Kenya na wakulima wa mahindi wakalazimika kupulizia mimea ambayo zamani haikupuliziwa mara nyingi. Mnamo mwaka wa 2025 serikali ya Kenya ilitangaza kupiga marufuku bidhaa 77 za viuatilifu na kuziwekea vikwazo nyingine 202. Marufuku ya ofisini hayaondoi chupa iliyobaki chini ya kitanda, na mama hataitaja chupa hiyo asipoulizwa kwa jina analolijua.

Zaidi ya hayo, maneno "kutumia" na "kugusa" yana mipaka yake. Mwanamke aliyefua ovaroli "hakutumia" dawa. Aliyepalilia siku ya pili baada ya kupuliza "hakugusa" dawa. Aliyehifadhi maji ya kunywa katika mtungi uliokuwa wa dawa ya kupe ataulizwa habari za dawa na kujibu habari za ng'ombe. Hali kadhalika, swali "Unakula nini?" halitafichua odowa, yale mawe laini yauzwayo sokoni ambayo wajawazito wengi huyatafuna, kwa kuwa odowa si chakula. Utafiti uliofanywa Kilifi katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wajawazito 275 waliohojiwa walikuwa wakila udongo kwa kawaida. Udongo na mawe ya aina hiyo huweza kubeba risasi. Jibu lilipatikana kwa sababu swali lilitaja kitu chenyewe.

Istilahi zilizopo zinaweza kutusaidia, ila kwa kiasi. Tanzania imeliingiza neno "viuatilifu" hata katika jina la chombo cha umma, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Ni istilahi nzuri, nasi tumeitumia hapa. Lakini hojaji isiyo na neno jingine ila "viuatilifu" itamwacha mkulima wa Plateau akikodoa macho. Njia ya busara ni kutumia istilahi katika ripoti, na katika hojaji kuorodhesha vitu kwa majina ya nyumbani: dawa ya magugu, ya viwavi, ya kupe, ya fukusi, ya mbu, ya panya, kisha kuuliza nani aliichanganya, nani alifua nguo, na chombo kilienda wapi.

Kufikiwa, kuathiriwa, kusababishwa

Kuna tatizo la pili, nalo linawahusu zaidi wafasiri. Katika fasiri nyingi za fomu za ridhaa, dhana ya kemikali kumfikia mtu hutafsiriwa kuwa "kuathiriwa na kemikali". Fasiri hiyo hutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Utafiti wote umefanywa ili kujua kama aliyefikiwa ameathirika. Ukimwambia mama kwamba amechaguliwa kwa kuwa "ameathiriwa", utamrudisha nyumbani akiamini kwamba mtoto wake tayari ana kasoro. "Mguso" nao haufai, kwa sababu kemikali nyingi huingia kwa pumzi na kwa chakula. Pendekezo letu ni "kufikiwa na kemikali": hueleza kwamba kitu kimefika, bila kudai kwamba kimedhuru.

Vivyo hivyo, tutenganishe "huambatana na" na "husababisha". Watafiti wa Salinas walionyesha kwamba viwango vya juu viliambatana na alama za chini. Ili kufika kwenye usababishi, ushahidi wa tafiti nyingi hulinganishwa, na mambo mengine kama malaria, upungufu wa damu, umaskini na elimu ya wazazi huzingatiwa.

Na vipi "hatari"? Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, kwamba kati ya kila watoto 1,000 kasoro fulani huwapata 10, na kwamba kwa mama waliofikiwa na kemikali fulani huwapata 20. Mwandishi wa habari ataandika kwamba hatari imeongezeka maradufu, naye hatakuwa amedanganya. Lakini mama mwenye mimba anastahili kuambiwa pia kwamba watoto 980 kati ya 1,000 hawakupatwa. Kumwambia nusu ya kwanza peke yake ni kumtisha. Kumwambia nusu ya pili peke yake ni kumlaza usingizi.

Onyo lisilosomeka

Anayedhani kwamba haya ni mabishano ya maneno matupu na ayakumbuke yaliyotokea nchini Iraki. Mwishoni mwa mwaka wa 1971, baada ya ukame, wakulima waligawiwa mbegu za ngano kutoka ng'ambo zilizotiwa zebaki ili kuzikinga dhidi ya ukungu. Mbegu hizo zilipakwa rangi kama ishara ya hatari, na baadhi ya magunia yalikuwa na onyo la Kihispania. Wakulima hawakukijua Kihispania. Rangi ilioshwa kwa maji, zebaki ikabaki, ngano ikasagwa na kuokwa mikate. Takwimu rasmi zilionyesha kwamba watu 6,530 walilazwa hospitalini na 459 wakafa humo. Baadaye nywele za akina mama waliokuwa wajawazito zilipimwa sentimita baada ya sentimita, nao watoto wao wakachunguzwa. Baadhi walionekana kuwa na ulemavu wa ubongo. Sehemu kubwa ya elimu tuliyo nayo kuhusu zebaki na mimba ilinunuliwa kwa bei hiyo. Mbegu za mahindi zinazouzwa kwetu nazo hutiwa dawa na kupakwa rangi. Wajibu wa onyo ni kueleweka na yule anayeifungua pakiti.

Kisa cha Owino Uhuru

Hapa Kenya, kisa kilichotuonyesha waziwazi mkondo wa kemikali kutoka kiwandani hadi kwa mtoto kilitokea katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kuanzia mwaka wa 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendesha kazi zake kando ya nyumba za watu wapatao 3,000, hadi kilipofungwa mwaka wa 2014. Bi. Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo mwaka wa 2009, ameeleza hadharani kwamba mwanawe mchanga aliugua, na kwamba vipimo vilipofanywa damu yake ilikutwa na risasi. Madaktari walidhani kwamba ilimfikia kupitia maziwa ya mama. Alianzisha harakati zilizomletea tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka wa 2015.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulilinganisha damu ya watoto wa Owino Uhuru na ya watoto wa mtaa jirani uitwao Bangladesh, na kukuta viwango vya juu zaidi Owino Uhuru. Ulinganisho ndio uliokuwa na nguvu, kwani bila mtaa wa pili mtu angeweza kudai kwamba watoto wote wa Mombasa wako hivyo. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka wa 2023, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kesi hiyo iliegemezwa katika Katiba ya mwaka wa 2010, ambayo kifungu chake cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Kwa mwanalugha, kisa hiki kina funzo jingine. Kwa wasemaji wengi "risasi" ni ile itokayo kwenye bunduki, ingawa asili ya neno ni jina la madini yenyewe. Mwambie mzazi kwamba "mtoto ana risasi katika damu" bila kueleza, naye atakuuliza ni nani aliyempiga. Na jambo zito zaidi ni maziwa. Sentensi kama "maziwa ya mama yana sumu", ikitamkwa kwa wepesi, inaweza kumfanya mama amwachishe mtoto ziwa na kumpa maji yasiyochemshwa. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Kwa hivyo, ujumbe sahihi ni kuondoa chanzo cha kemikali, kumpima mama na mtoto, na kumwachia mtaalamu ashauri kuhusu unyonyeshaji.

Hitimisho

Tumeona kwamba kondo la nyuma si ukuta, kwamba kila kemikali huacha nyayo mahali pake na kwa muda wake, na kwamba pale nyayo zinapofutika utafiti hutegemea ushuhuda wa mama. Ushuhuda huo hutolewa kwa Kiswahili, au kwa Kikalenjin na lugha nyingine kupitia Kiswahili. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Cheo hicho hakitoshi iwapo hojaji na fomu za ridhaa zitaendelea kuandikwa kwa Kiingereza, kisha kufasiriwa usiku mmoja na yeyote aliye karibu.

Idara zetu za Kiswahili ziko jirani na shule za tiba na za kilimo. Wanafunzi wa isimu na fasihi wanaweza kushiriki katika kuandaa hojaji, kuzijaribu kwa wasemaji kabla hazijapelekwa kwa kamati za maadili, kukusanya majina ya nyumbani ya viuatilifu, na kuandika matokeo kwa lugha ambayo mama aliyetoa damu yake ataisoma na kuielewa. Tasnifu moja juu ya neno "dawa" katika mashamba ya Uasin Gishu ingekuwa kazi ya kisemantiki, na pia ingekuwa kazi ya afya ya umma. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu uko katika lugha, na lugha ndiyo kazi yetu.